Kodi ya Dubai yapandisha mvinyo wa bei nafuu

Chupa ya mvinyo mwekundu wa kawaida, ule unaonywewa na chakula cha jioni bila kungoja sikukuu, ilipanda tena bei Dubai kuanzia Januari 1, 2025. Siku hiyo kodi ya asilimia 30 kwa vileo, iliyosimamishwa Januari 2023, ilirejeshwa.

Tuchukue mfano wa Musar Jeune, mvinyo wa Lebanon wa familia ya Hochar. Gaston Hochar alianzisha kiwanda hicho mwaka 1930 huko Ghazir, kaskazini mwa Beirut, na zabibu zake hutoka Bonde la Bekaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kuanzia 1975 hadi 1990, lakini familia haikufunga kazi, ingawa mwaka 1976 haikupata mvinyo wowote.

Mvinyo wao mkuu hungoja miaka saba kabla ya kuuzwa. Musar Jeune, mchanganyiko wa zabibu za Cinsault, Syrah na Cabernet Sauvignon, haupitii kwenye mapipa ya mwaloni na huuzwa ukiwa bado mchanga. Gharama za pipa na za ghala zinapungua, na ndiyo sababu bei yake ni nafuu.

Lakini nafuu hiyo humezwa na kodi. Chupa ya dirham 50 hufika dirham 65, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5.

Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi huko, bei si tatizo pekee. Sheria ya Dubai inamtaka mnunuzi awe si Mwislamu, awe ametimiza miaka 21 na awe na leseni, ambayo ada yake iliondolewa mwaka 2023. Kunywa barabarani ni kosa, na dereva haruhusiwi hata tone.

Hatari kubwa zaidi iko mpakani. Wafanyakazi wengi hupanga vyumba Sharjah kwa sababu kodi ya nyumba ni ndogo kuliko Dubai, na Sharjah imepiga marufuku pombe kabisa. Chupa iliyonunuliwa kihalali Dubai huwa kosa la jinai mara basi linapovuka mpaka, na anayekamatwa anaweza kupoteza kazi pamoja na kibali cha kuishi nchini.