Gari la Mbio Mbele ya Mkaguzi

Wengi wetu tunaisifu Subaru Impreza kwa kuwa ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na tena mwaka 2000. Lakini magari yale yalikuwa na mafundi wengi nyuma yake. La mtaani lina mwenyewe tu.

Likizo iliyopita nilishinda gerejini kwa mjomba, Kashai. Bwana mmoja alileta Impreza yenye stika mpya ya ukaguzi kiooni, akasema kwamba alipokuwa akiteremka kilima kuja mjini, pedali ya breki ilizama mpaka chini.

"Na limepimwa wiki iliyopita!" alilalamika.

Mjomba alinieleza sababu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Diski zikipata moto mteremkoni, maji yale huchemka yakageuka mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Basi nguvu ya mguu haifiki gurudumuni. Mkaguzi alilipima gari likiwa baridi, mahali tambarare, na hapo breki zilishika kweli.

Makosa mengine hayajifichi: beringi za magurudumu zinazovuma, bushi zilizolika, raba za ekseli zilizopasuka, na ekzosi iliyobadilishwa makusudi ipige kelele (upuuzi mtupu, kwa maoni yangu). Tena silinda za injini hii zimelala ubavuni, mbili kila upande, hivyo oili ikivuja huangukia ekzosi ya moto iliyo chini, ikafuka moshi.

Jioni ile tuliyamwaga mafuta ya breki ya zamani. Yalikuwa meusi kama kahawa.