Una Mtoi Pointi Kwa Hao? Soma Hii Kabla Ushike Chanuo

Wacha nikuambie kitu ucheke kwanza. Mimi ni chali wa miaka 26, chuo niliachia mwaka wa pili, na kitu moja naeza fanya kushinda machali wote wa mtaa wetu si mpira wala kudensi. Ni kuosha nywele ya mtoi wa miaka 6.

Mtoi ni wa sistangu. Budake ni Mjerumani, ndio maana mtaani wanamwita pointi. Sistangu hufanya shifti hotelini, na venye niliachana na masomo nikawa ndio msee wa kushinda hao, ile Jumamosi ya kuosha nywele ikaniangukia. Nilianza sijui kitu. Yenye naandika hapa nilijifunza na machozi, na si yangu.

Shida ya nywele ya hawa watoi si nywele yenyewe. Shida ni kila msee kwa familia yuko shua anaijua. Shosho wake wa Ujerumani alikuja Disemba moja, akawa anaipiga shampuu kila jioni, vile alioshea watoto wake. Ikakauka hadi ukiishika inalia ka nyasi. Akienda, mathe wetu akasema hiyo ni nywele imekosa tu kuchanwa. Akachukua chanuo ya meno membamba, saa kumi na mbili asubuhi, nywele kavu, na mafuta ya mgando akapaka juu. Chanuo ikavunjika meno 2 na mtoi akaenda nasari ameshika kichwa.

Mashosho wote walikuwa na mapenzi, na wote walikosea, juu kila mmoja alikuwa anaosha nywele yake mwenyewe kwa kichwa ya mtoi.

Sasa skia venye hii kitu inafanya kazi. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake. Kwa nywele imenyooka, hayo mafuta huteremka hadi mwisho bila stress, ka gari kwa Thika Road usiku wa manane. Nywele ya kujikunja iko na kona kibao, mafuta hayafiki mbali. Ndio maana kichwa inaeza kuwa na mafuta na ncha za nywele zimekauka kabisa, mtoi huyo huyo, siku hiyo hiyo. Tena kila kona ni mahali nywele inaeza katikia. Kwa hivyo shampuu ya kila siku unaondoa yale mafuta kidogo yalikuwa yamejaribu kufika, na chanuo kavu unavunja kona.

Mkunjo wenyewe unatokana na ile tundu nywele inamea ndani yake chini ya ngozi. Tundu ya duara hutoa nywele imenyooka, ile imebanwa ka yai hutoa ya kujikunja. Na usidhani kichwa moja iko na aina moja. Huyu wetu nyuma kwa shingo iko na mikunjo midogo ka springi ya kalamu, huku mbele ni mawimbi tu. Pia usidanganyike na nywele ya mtoto mchanga. Watoi wengi hivi huzaliwa nayo imelala kabisa, halafu baada ya miezi kadhaa inaanza kujikunja, na wewe ulikuwa umeshaambia watu ati amechukua ya budake.

Hapo ndio tulikosea vibaya. Akifika miaka 4, sistangu alitaka apendeze kwa besidei. Tukampeleka saluni fulani, jina nabaki nayo. Wamama 3 wakasimama juu ya kichwa yake wakibishana. Mmoja anasema hii ni nywele ya mzungu haitaki dawa, mwingine anasema hii ni ya kwetu imekuwa tu kaidi. Mwishowe wakaamua dawa ya watoto, ile pakiti yake iko na picha ya mtoi anacheka. Tulikubali. Hiyo sitawekea mtu mwingine.

Akaanza kusema inachoma. Wakasema avumilie kidogo. Jioni alikuwa na vidonda nyuma ya masikio, na kwa wiki 3 nywele ya mbele ikawa inakatika ukiigusa.

Mimi nikaingia kusoma. Hizo dawa za watoto kawaida ni kalsiamu haidroksaidi inachanganywa na guanidini kabonati. Wanaandika haina kostiki soda, na wewe unaona hiyo ni laini. Lakini pH yake bado inafika 12 na kupita. Maji safi ni 7, na kila namba ukipanda unazidisha mara 10. Piga hesabu mwenyewe: kutoka 7 hadi 12 ni mara 100,000. Kazi yake ni kuvunja vile vifundo vya salfa ndani ya nywele vyenye vinashikilia mkunjo, na vikishavunjwa ndio hivyo, unangoja imee ingine. Mwaka wa 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 33,000. Wale walitumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi kushinda wale hawatumii. Hao ni watu wazima, na kuonekana pamoja si ushahidi ati moja imeleta ingine. Lakini mtoi wa miaka 4 unamuanzishia ya nini?

Vidonda vilipona. Chenye hakikupona haraka ni ile stori ya wamama 3. Mtoi alikuwa ameskia yote. Akaanza kuvaa mavini, asubuhi hadi kulala, Januari, jua ya kuchoma mabati. Siku moja nikamuuliza kama haskii joto. Akaniuliza, "Anko, nywele yangu iko kwa upande ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilichemsha maji.

Hii ndio form yetu mpaka leo. Kwanza chagua siku. Jumamosi mchana, si Jumapili saa tatu usiku wakati kila mtu amechoka na kesho ni shule. Mara moja kwa wiki inatosha, na ikiwa hachezi sana kwa vumbi hata wiki 2. Akae kwa kiti kidogo katikati ya magoti yako, simu yako aangalie katuni, na ukubali hiyo simu itaingia maji.

Gawanya kichwa mafungu 4 na vibanio. Lowesha fungu moja na chupa ya kupulizia maji. Sasa pakaa kondishona. Si ile ya kuonja, weka ya ukweli, hadi nywele iteleze ka samaki. Watu wengi huanza na shampuu halafu wanapigana na vifundo baadaye. Hapana. Vifundo kwanza, shampuu itangoja. Anza na vidole. Kikikataa, chukua chanuo ya meno mapana, na uanzie chini kwa ncha, upande pole pole kuelekea kichwa. Ukianzia juu unasukuma vifundo vyote vikutane chini vifanye mkutano.

Na hii ndio siri iliondoa kilio kwetu: shika hiyo nywele na mkono mwingine, katikati ya kifundo na kichwa. Ile nguvu ya chanuo inaishia kwa ngumi yako, ngozi haiskii kitu. Nilijaribu kwa ndevu zangu nikaamini.

Shampuu ni ya ngozi ya kichwa, si ya nywele. Tone ka la shilingi kumi, sugua na nyama ya vidole, si kucha, na povu likiteremka litaosha hiyo ingine likipita. Sabuni ya kufua wacha ifue. Huwa na pH ya 9 ama 10 hivi, na inafungua yale magamba madogo ya juu ya nywele, halafu yanashikana na ya jirani. Kesho unalia ati nywele imefungana usiku.

Akiwa anaogopa maji kwa macho, mpe taulo ndogo ashike usoni mwenyewe. Usimshikie. Mtoi akijua ni yeye anaamua lini taulo inatoka, nusu ya vita imeisha.

Maji sasa. Kama uko Embakasi, Syokimau ama Kitengela na unatumia ya borehole, unajua zile chumvi. Sabuni haitoi povu, sufuria inaweka ukoko mweupe. Hiyo kalsiamu na magnesiamu inakaa pia kwa nywele, inaifanya iwe ngumu na bila rangi. Sisi huosha na yoyote iko, lakini maji ya mwisho ya kusuuza tunatafuta ya mvua ama ya mfereji siku imekuja. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha kichwa nzima ukitumia jagi. Yawe vuguvugu, si ya chai.

Ukimaliza kondishona ya pili, iache dakika 5, suuza, halafu usichukue taulo. Taulo iko na vile viuzi vinanasa mikunjo na kuichana. Chukua tisheti ya pamba imezeeka, finya maji, usisugue. Nywele bado ikiwa imelowa, weka krimu ama kondishona ya kubaki, halafu mafuta ya nazi kidogo juu. Mpangilio ni huo, maji ndani, mafuta nje. Mafuta peke yake kwa nywele kavu ni kufunga mlango na hakuna mtu ndani ya nyumba. Hapo ndio mathe alikuwa anakosea, na nilimwambia kwa heshima na akaninunia siku 2.

Halafu iache. Itajivuta juu hadi ionekane nusu ya urefu wake, usishtuke, haijapotea. Katikati ya wiki usiichane kavu. Pulizia maji, kondishona kidogo, vidole.

Usiku pamba ya mto inakunywa yale mafuta yote umeweka. Sistangu alikata blauzi ya satini ya Gikomba akashona foronya, kazi imeisha. Shule wakitaka isukwe, matuta makubwa yanatosha. Ukiona vipele vidogo kwa laini ya mbele, ama mtoi hawezi inua nyusi vizuri, imekazwa sana, fungua hata kama umelipa. Hiyo kuvuta kila wiki inaeza ondoa nywele ya mbele isirudi. Akienda kuogelea, lowesha nywele na maji safi kabla aingie, itakunywa klorini kidogo. Na ukiona duara za upara ka shilingi zenye magamba, hiyo si ukavu. Hiyo ni choa, na krimu ya kupaka haimalizi choa ya kichwa, inataka dawa ya kumeza. Nenda kliniki.

Kuna kitu chanuo haiwezi. Ukipanda naye mat, lazima mtu anyooshe mkono. "Ai, nywele poa, wacha nishike." Hawaombi mtoi, na kusema ukweli hawaniombi hata mimi. Kuna ile picha ya White House ya 2009, kijana wa miaka 5 anashika kichwa ya Obama juu alitaka kujua kama nywele yake iko ka yake. Watu huipenda sana. Lakini icheki vizuri: Obama mwenyewe ndio ameinama. Hakuna mtu alimshika kutoka nyuma akiwa amekaa kwa siti. Kwa hivyo sisi tulimfundisha mtoi neno moja, "Niulize." Anasema kwa sauti. Kondakta mmoja alicheka hadi akasahau kunipea chenji, na nikaidai.

Lile swali lake nilikuja kulijibu mwezi ulifuata, nikiwa kwa fungu la tatu. Nilimwambia hii ya nyuma ni ya cucu, hii ya mbele ni ya Oma, na hapa katikati sijui ilitoka wapi, labda ni ya kwako. Akaguza hapo katikati muda mrefu. Mavini bado iko, anaivalisha kiti.

Ya mwisho kabla nisahau. Siku ya kuosha utaona nywele mob kwa chanuo na uanze kupigia sistako simu. Tulia. Mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku, na kwa kichwa ya mikunjo hazianguki, zinabaki zimenaswa hadi Jumamosi. Hiyo bonge ni ya wiki nzima. Huyu wetu huikusanya, anaita panya, na hungoja nikiinama kumwaga maji ndio aniwekee kwa shingo.