Kuwatafuta Mababu Katika Vitabu vya Ubatizo vya Tabora

Wapo wageni wanaofika katika ofisi za parokia zetu ambao hawakuja kuandikisha ndoa wala kuomba nia ya Misa kwa marehemu. Huketi, husalimia, kisha huuliza: “Padri, bibi yetu mzaa baba alitoka wapi?” Swali hili hapa Unyanyembe si jepesi kama linavyosikika, nasi tumeona vema kueleza namna vitabu vya Kanisa vinavyoweza kulijibu, na jinsi ya kuyapokea majibu yake.

Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko kuandika ndoa na ubatizo, na Rituale ya mwaka 1614 ikaongeza vitabu vingine, kikiwamo cha wafu. Sheria ya sasa ya Kanisa, katika kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu hivyo, na vile vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Kusudi lake tangu mwanzo lilikuwa kuulinda utaratibu wa sakramenti. Kwamba vitabu hivyo vingekuja kuwa kumbukumbu ya ukoo kwa maskini wasioandikwa mahali pengine popote, sidhani waliovianzisha walilifikiria.

Mahali pengine duniani jambo hili limezoeleka. Mjukuu wa mkulima aliyetoka milima ya Podhale, kusini mwa Poland, akaenda kutafuta kazi Chicago, hutafuta nyaraka za aina mbili. Ya kwanza ni orodha ya abiria wa meli, inayoweza kumtajia kijiji alichotoka babu. Ya pili ni kitabu cha parokia ya kijiji hicho, kilichoandikwa kwa Kilatini, kwa kuwa enzi za utawala wa Austria daftari za paroko zilikuwa pia daftari za serikali. Orodha ya meli humfikisha mlangoni, na kitabu cha parokia humfungulia.

Kwetu ile nyaraka ya kwanza haipo. Njia ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora ikaendelea hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Ilipitisha wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani kwa hiari yao na kurudi na nguo na shanga, na ilipitisha pia watu waliotekwa na kuuzwa. Hapakuwa na karani kando ya njia. Wengi wa waliotekwa hawakufika pwani. Walibaki hapa hapa, mashambani na majumbani mwa Unyanyembe, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Wajukuu wao ndio sisi tunaokutana nao kanisani kila Dominika.

Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878 kwa njia hiyo hiyo, wakiwa wenyewe katika msafara, na mmoja wao, Padri Pascal, alifariki kabla ya kufika. Baadaye walikusanya huko Kipalapala watoto waliowakomboa kwa fedha kutoka kwa wafanyabiashara. Tendo hilo lina maswali yake, maana fedha iliyomkomboa mtoto ilibaki mfukoni mwa aliyemuuza. Mwaka 1889 mapadri walilazimika kuondoka Kipalapala kwa sababu ya uhasama na mtemi Isike, na utume ukasimama mjini hadi waliporudi baada ya miaka kadhaa. Anayetafuta habari za miaka ile ya kwanza asishangae asipozikuta Tabora. Kardinali Lavigerie aliagiza kila kituo cha misioni kiandike shajara ya kila siku, na nyumba kuu ya shirika mjini Roma ina hazina kubwa ya maandishi hayo.

Sasa tufungue kitabu chenyewe. Kila ubatizo una mstari wake au kisanduku chake: jina la ubatizo, jina la nyumbani, wazazi, tarehe, mahali, msimamizi na padri aliyebatiza. Maneno ni ya Kilatini, nayo si mengi. *Filius* ni mwana wa kiume, *filia* wa kike. *Patrinus* na *matrina* ni wasimamizi wa ubatizo. *Circiter* ni “yapata,” nalo husimama mbele ya mwaka wa kuzaliwa kila mara padri alipokisia umri kwa kumtazama mtu usoni. *In periculo mortis* ni ubatizo katika hatari ya kufa. Aliyebatizwa hivyo huenda hakupitia ile miaka minne ya ukatekumeni ambayo Lavigerie aliidai. *Parentes ignoti* maana yake wazazi hawajulikani.

Msomaji aangalie pia tahajia. Mfaransa aliyesikia sauti “u” aliiandika *ou*, na “sh” aliiandika *ch*. Hivyo Unyanyembe ikawa *Ounyanyembe*, na Mashaka akawa *Machaka*. Tumewaona watu wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu walitafuta jina jinsi wanavyolitamka wao, si jinsi padri mgeni alivyolisikia.

Pembezoni mwa ukurasa ndiko mara nyingi penye utajiri. Tangu amri ya *Ne temere*, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, ndoa ya mtu hunukuliwa kando ya ubatizo wake, pamoja na mahali ilipofungwa na jina la mwenzi. Kwa nukuu hiyo mtafutaji huhama kutoka kitabu hadi kitabu. Atazame na wasimamizi: aliyefika hapa bila ndugu alisimamiwa na mtu, na jina la mtu huyo mara nyingi hurudi katika ubatizo wa watoto wake. Huyo ndiye aliyekuwa jamaa yake alipokuwa hana jamaa.

Kuhusu kabila, tunaomba tahadhari. “Manyema” katika vitabu vyetu mara nyingi humaanisha tu kwamba mtu aliletwa kutoka magharibi ya Ziwa, kokote huko. Na majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi au Baraka walipewa watumwa wengi na mabwana zao. Lakini si kila mwenye jina hilo alikuwa mtumwa, wala si haki kumhukumia mtu ukoo kwa jina peke yake. Nje ya Kanisa kuna hati za uhuru zilizotolewa na maboma ya Wajerumani, likiwamo la Tabora, na baadhi ya nyaraka za utawala huo zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Ni juzi tu, kwa hesabu ya ukoo.

Yupo aliyesimulia mwenyewe. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikaa huko akiwa katekista na mganga hadi kifo chake mwaka 1956, na mwanawe akawa padri. Habari zake aliziandika, na hakuficha alikotoka.

Kwa anayetaka kuanza: aje na jina la ubatizo, jina la kigango, na mwaka wa kukisia, kwa sababu parokia zimegawanyika na kitabu hubaki parokia mama. Ushirombo ya mwaka 1891, kwa mfano, leo imo katika Jimbo la Kahama. Alete barua ya paroko wake. Wala asikasirike akikatazwa kupiga picha ukurasa mzima, kwani ukurasa huo una siri za watu wengine, na kanuni ile ile ya 535 inamtaka paroko azuie vitabu visiangukie mikononi mwa watu wasiohusika.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiihudumia, alitujia mzee mmoja. Ndugu zake walikuwa wamemwambia hana sehemu katika shamba la babu, kwa maneno haya: “Bibi yenu aliletwa.” Alitaka barua ya kuthibitisha kwamba bibi yake alikuwa Mnyamwezi, mwenyeji, mwenye ukoo. Tulikiona kisanduku chake kabla ya yeye kukiona: mtu mzima, Manyema, *parentes ignoti*, na neno moja zaidi, *redempta*. Tunakiri kwamba wazo letu la kwanza lilikuwa kufunga kitabu na kusema hatukupata kitu.

Tulifunga mlango badala yake, tukamsomea. Akauliza lile neno la mwisho maana yake nini. “Aliyekombolewa, mzee.” Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe wamesema kweli.” Tukamwonyesha pembezoni: tarehe ya ndoa, kanisani, na jina la babu yake kwa ukamilifu. Katika kitabu cha ndoa tulikuta ridhaa ya wote wawili na mashahidi wawili, na katika cha ubatizo, miaka michache mbele, baba yake, mtoto wa ndoa hiyo. Akaomba cheti cha ndoa ili akipeleke barazani. Cha ubatizo hakukiomba.

Alipokuwa amesimama tayari kuondoka, aliuliza kama jina la mama wa bibi yake limeandikwa mahali popote. Halikuandikwa. Basi akaomba tumtajie msimamizi, aliyekuwa pia msimamizi wa baba yake. Akaliandika jina lake polepole nyuma ya kadi yake ya kliniki, akisema kwamba mwezi wa Novemba atalileta liwekwe pamoja na majina ya marehemu wa nyumba yake.