Muziki usio na maneno: kutunga kipande cha piano, kukiandika na kukituma mbali



Kule Kibua, kwenye barabara inayotoka Masisi kupitia Nyabiondo kwenda Walikale, mpiga piano wa kwaya yetu alikuwa na desturi ya kubaki kanisani baada ya mazoezi. Kama betri bado ilikuwa na nguvu kidogo, alipiga vipande vyake mwenyewe, vifupi, visivyo na maneno, kwa mtindo wa klasiki aliousikia kwenye simu. Hakuviandika. Alivihifadhi ndani ya kinanda chenyewe kwa kubonyeza kifungo cha kurekodi. Kisha siku moja tukakimbia, kama wengi wenu mlivyokimbia, na kila mtu alibeba alichoweza: mtoto, godoro, sufuria. Kinanda kilibaki. Tuliporudi hakikuwepo, na vipande vyote vilikuwa vimekwenda nacho. Kijana alikaa mbele ya kinanda cha kuazima akajaribu kukumbuka kimoja. Sehemu ya kwanza ilimjia. Ya pili haijarudi mpaka leo.

Naandika kwa sababu yake, na kwa sababu najua makanisa yetu ya mashariki yana vijana wengi wa namna hiyo. Wanatunga, lakini hawajui kuandika walichotunga, na hawajui kwamba leo kipande cha piano kinaweza kutoka msituni Walikale kikapigwa na mtu wa nchi nyingine bila mtunzi kusafiri.

Kwanza nijibu swali la mzee mmoja wa kanisa, maana si yeye peke yake anayeliuliza. Alimsikiliza kijana akasema, "Pasta, hii ni nzuri, lakini maneno yako wapi? Bila maneno ni ibada gani?" Tusome 1 Samweli 16. Daudi anapiga kinubi mbele ya Sauli, na roho mbaya inamwacha mfalme. Mwandishi anataja mkono wa Daudi na kinubi; hataji neno lolote lililoimbwa. Tusome pia 2 Wafalme 3: Elisha, kabla ya kutoa unabii, anaomba aletewe mpiga kinanda, na huyo anapopiga, mkono wa Bwana unamjia nabii. Sisemi kwamba kila sauti ya piano ni ya kiroho. Nasema tu kwamba Biblia yenyewe inaujua muziki usio na maneno na haiuonei haya.

Johann Sebastian Bach, Mlutheri aliyeongoza muziki wa makanisa ya Leipzig tangu 1723 hadi alipokufa 1750, alizoea kuandika mwishoni mwa kazi zake za kanisa herufi S.D.G., yaani kwa utukufu wa Mungu peke yake. Mwaka 1720 alianza kumwandalia mwanawe Wilhelm Friedemann, mtoto wa miaka 9, kitabu cha mazoezi ya kinanda. Juu ya zoezi mojawapo la mwanzo, linalofundisha tu vidole vipite wapi, aliandika herufi za kulitaja jina la Yesu. Zoezi la vidole! Mzee wetu alipenda sana habari hiyo, ingawa alisema bado angependa maneno.

Sasa kazi yenyewe. Kijana anayeanza asikimbilie simfonia. Achukue wazo moja la sauti lenye vipimo vinane, au mezire nane kama wanavyosema wapiga piano wetu. Vinne vya kwanza viwe kama swali, viishie kwenye akodi ya sol, mahali ambapo sikio linangoja. Vinne vya pili viwe jibu, virudi nyumbani kwenye do. Hiyo ni sehemu A. Irudie. Kisha tunga vipimo vinane vingine vyenye sura tofauti, kwa mfano kwenye la ndogo, na hiyo ni sehemu B. Mwishoni A inarudi, labda na pambo dogo. A, A, B, A: jumla ni vipimo 32, na umepata kipande kamili. Nyimbo nyingi tunazoziimba Jumapili zimejengwa hivyo, ila hatukuwa tumezihesabu.

Mkono wa kushoto ndio unaowashinda wengi, maana wamezoea kubonyeza akodi nzima na kuishikilia. Jaribu kuivunja akodi: badala ya do, mi na sol kwa pamoja, piga do, sol, mi, sol, moja baada ya nyingine. Mozart alitumia njia hiyo mara nyingi sana, nayo inaitwa besi ya Alberti kwa jina la Domenico Alberti wa Italia. Na tafadhali, zima kile kifungo cha ngoma za mashine. Kinanda kikianza kujipigia chenyewe, mtunzi amekwenda nyumbani.

Usiige Ulaya mpaka ukasahau ulikozaliwa. Akin Euba wa Nigeria alitumia miaka mingi kutetea upigaji piano wa Kiafrika, ambao unaitendea piano kama ndugu wa ngoma, marimba na likembe. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana aliandika vipande kumi na viwili vya kufundishia kwa njia hiyo hiyo. Jambo la kwanza la kujifunza hapo ni mbili juu ya tatu. Hesabu moja mpaka sita bila kusimama. Mkono wa kushoto upige kwenye moja na nne. Wa kulia kwenye moja, tatu na tano. Wanafunzi wa piano wa Ulaya huhangaika na zoezi hilo kwa wiki kadhaa. Mama zetu wanaotwanga watatu kwenye kinu kimoja hawahitaji kuelezwa.

Kuandika ndiko kwenye shida kubwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kwaya nyingi za Kiprotestanti zinatumia solfa ya herufi: d, r, m, f, s, l, t. Njia hiyo ilianzishwa na mwalimu mwanamke wa Uingereza, Sarah Glover, ikaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19 ili watu wa kawaida na watoto wa shule ya Jumapili waweze kusoma muziki. Wamisionari waliieneza, na imetusaidia sana. Lakini katika solfa ya Curwen, do inahama. Wimbo ukianzia juu, do iko juu. Ukishushwa, do inashuka nao. Wakati huo huo, waliosoma muziki kwa Kifaransa wanaita do ule ubao mmoja tu wa piano, na hauhami kamwe. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya anasema "anza kwenye do", mpiga piano anabonyeza do yake, na watu wazima wawili wanagombana mbele ya waimbaji kwa kosa lisilo la yeyote kati yao. Nimeamua ugomvi huo mara nyingi kuliko ugomvi wa mashamba. (Natia chumvi, lakini si nyingi.)

Solfa inatosha kwa sauti nne za kwaya. Haitoshi kwa piano, ambako mkono mmoja unaweza kupiga noti tatu huku mwingine ukikimbia. Inabidi kujifunza mistari mitano: mkono wa kulia kwenye ufunguo wa sol, wa kushoto kwenye ufunguo wa fa, na do ya katikati ikikaa kwenye kamstari kadogo kati ya hizo mbili. Anayejua solfa tayari anajua kuhesabu muda na kusikia umbali kati ya sauti, kwa hiyo nusu ya kazi ameshaifanya.

Penye kompyuta hata moja, ya paruasi au ya shule, kuna programu iitwayo MuseScore. Ni ya bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Unaandika noti, nayo inakupigia ulichoandika, ili usikie kosa kabla mwingine hajalisikia. Kumbuka kwamba vinanda vyetu vingi vina vibao 61 na piano kamili ina 88. Ukitaka wenzako wa hapa waweze kukipiga kipande chako, usiuteremshe mkono wa kushoto chini ya vibao walivyo navyo.

Kipande kikikamilika unaweza kukitoa kwa namna kadhaa, na tofauti yake ni kubwa kwa mtu anayenunua mega kwa hesabu. MIDI, iliyobuniwa mwaka 1983, haibebi sauti. Ni kama barua inayoieleza piano nyingine ibonyeze kibao gani, lini na kwa nguvu gani. Ndiyo maana ina kilobaiti chache tu. PDF ni karatasi ya noti, nayo ni nyepesi. MP3 ya kawaida ni kama megabaiti moja kwa kila dakika, na faili la WAV ni kama megabaiti kumi kwa dakika. Mahali ambapo rezo inapatikana juu ya kilima tu, tuma PDF na MIDI kwanza. Video ingoje siku utakayofika mjini.

Je, kuna Waafrika wenzetu wanaofanya hivi? Wapo. Watunzi wa Tanzania na Kenya, Wakatoliki hasa, wana tovuti ya Swahili Music Notes, ambako wameweka maelfu ya nyimbo zao za Kiswahili pamoja na noti zake, na kwaya zinazipakua na kuziimba. Hizo ni za kwaya zaidi kuliko piano, lakini njia ni ile ile, na sisi Waprotestanti wa Kivu tungefanya vizuri kujifunza kwao. Hapa kwetu Kongo, Joseph Kiwele wa Katanga alitunga misa na muziki mwingine hata kabla ya uhuru. Kule Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha Orkestra ya Simfonia ya Wakimbangu mwaka 1994. Ala zilikuwa chache, watu wakapokezana. Uzi wa fidla ulipokatika, walitumia waya wa breki za baiskeli. Huyo huyo Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, ametunga simfonia yake mwenyewe. Katika mafundisho kuna mengi ambayo hatukubaliani na Wakimbangu. Ila kuhusu bidii hii, tukae kimya tujifunze.

Kuhusu haki. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mtunzi, na muziki umo. Kwa hiyo andika jina lako na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza, na useme unaruhusu nini. Leseni za Creative Commons zinasaidia: unaweza kumruhusu mtu akipige na kukisambaza kipande bure mradi akutaje, na unaweza kumkataza kukiuza. Upande wa pili wa haki hiyo ni kwamba na wewe usichukue cha mwingine. Bach na Beethoven wako huru kwa wote, na noti zao zinapatikana bure kwenye maktaba ya IMSLP. Wimbo wa mwimbaji aliye hai wa Goma au Nairobi hauko hivyo, hata kama unaujua kwa moyo.

Na sauti ya kabila? Kama umechukua bembelezo la Wanyanga au la Wahunde ukaliwekea akodi, andika wazi kwamba ni la Wanyanga au la Wahunde, na kwamba wewe ndiwe uliyelipanga kwa piano. Mwaka 1956 Candi Rureke, Mnyanga wa Walikale, alitoa utenzi wa Mwindo, nao ukaandikwa. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha Marekani. Leo wanafunzi wa mbali sana wanausoma, na jina la Candi Rureke limo ndani, kwa sababu walioandika hawakulifuta.

Maneno mawili ya kichungaji. Ukirekodi video, usioneshe barabara, askari, wala kambi ya waliokimbia, na usiseme mko wapi siku hiyo. Piga picha ya mikono na vibao tu, inatosha. Na usihesabu watu wangapi wamekisikiliza kila baada ya saa moja. Nimemwona kijana akiacha kutunga kwa sababu walikuwa kumi na mmoja. Watu kumi na mmoja wakibaki baada ya mahubiri yangu kuuliza swali, ningeshukuru Mungu mwaka mzima.

Kuhusu kuhifadhi, ninasisitiza. Kila kipande kikae mahali patatu: kwenye flash, kwenye barua pepe au kwa ndugu aliye mbali, na kwenye karatasi. Karatasi ikae ndani ya kimfuko cha plastiki tunakofungia kadi ya uchaguzi na cheti cha ubatizo, kile ambacho mtu hukishika kwanza anaposikia milio ya risasi.

Kijana wa Kibua amekiandika kile kipande kilichompotea, kwanza kwa kalamu, halafu kwenye kompyuta. Kina vipimo 32. Sehemu B ni mpya, na yeye anasema si nzuri kama ile ya kwanza, jambo ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kulihakikisha. Wazee wamekubali kipigwe watu wanapoingia, kabla ya mwito wa ibada. Mzee aliyeuliza maneno yako wapi alikuja mapema Jumapili ile akakaa mbele. Baada ya ibada alimshika kijana mkono akamwambia, "Mwanangu, pale katikati ulipopunguza sauti, niliangalia dirishani. Nilidhani mvua imeanza." Siku ya pili flash iliondoka na dereva wa pikipiki kwenda mahali penye rezo.