Sinema ya Baghdad na Suala la Nani Anamiliki Waya

Makada wengi wanapochambua vyombo vya habari vya mabeberu huanza na swali moja: je, habari hii ni kweli au ni uongo? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Liko swali linalolitangulia. Habari hiyo imepita katika njia gani hata ikafika, njia hiyo ni mali ya nani, na nani alikuwa na uwezo wa kuikata? Ili kulieleza swali hili tumechagua sinema ya Kimarekani iitwayo Live from Baghdad, iliyoongozwa na Mick Jackson na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza na kituo cha HBO mwezi Desemba 2002. Ndani yake Michael Keaton ameigiza kama Robert Wiener, mtayarishaji wa shirika la televisheni la CNN, na Helena Bonham Carter ameigiza kama mwenzake, Ingrid Formanek. Sinema yenyewe imetokana na kitabu alichokiandika Wiener, na yeye ni mmoja wa walioandika mchezo wake.

Historia inayosimuliwa inafahamika. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraki yaliivamia Kuwait. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio Namba 678, ambalo liliipa Iraki muda hadi tarehe 15 Januari 1991 iwe imeondoka. Kura zilikuwa 12 za kuunga mkono, 2 za kupinga (Kuba na Yemen), na China haikupiga upande wowote. Yemen ililipia kura yake, kwani Marekani iliikatia misaada. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Watangazaji watatu wa CNN, Bernard Shaw, John Holliman na Peter Arnett, walikuwa katika hoteli ya Al-Rasheed, wakaueleza ulimwengu kile walichokiona na kukisikia dirishani.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Mashirika mengine makubwa ya televisheni ya Marekani nayo yalikuwa na watu Baghdad usiku ule. Hawakuwa waoga zaidi wala wavivu zaidi. Lakini kituo cha simu cha mji kilipopigwa, simu zao zilikufa. CNN waliendelea kusikika kwa sababu walikuwa na kitu kinachoitwa waya nne: laini maalumu ya moja kwa moja, jozi moja ya kusemea na jozi moja ya kusikilizia, isiyopitia kwa mwendesha mitambo wala kutegemea kituo cha simu cha mji. Laini hiyo ilikwenda hadi Amman, Yordani, na kutoka huko hadi makao makuu yao Atlanta. Sehemu kubwa ya sinema ni juhudi za Wiener za kumbembeleza ofisa wa Wizara ya Habari ya Iraki, Naji al-Hadithi, ampe kibali cha laini hiyo. Anakunywa naye chai, anabishana naye, anarudi tena kesho. Mwishowe anapewa.

Ndugu msomaji atafakari jambo hili. Usiku unaotajwa kuwa ushindi mkubwa wa televisheni haukuwa na picha hai. Watazamaji waliona ramani na picha mgando za watangazaji, na sauti ikapita kwenye waya. Kwa maana hiyo ulikuwa usiku wa redio. Na waya wenyewe ulikuwa wa serikali ya Iraki, ambayo iliutoa kwa sababu zake: ilitaka sauti yake ifike Washington bila kupitia kwa mabalozi. Marekani nayo ilikuwa na namna yake ya kuongoza habari. Huko Saudi Arabia jeshi lake liliwaweka waandishi katika makundi yaliyosindikizwa na maofisa, na taarifa zao zilipitiwa kabla ya kutolewa. Kila upande ulishika ncha yake ya kamba.

Sinema inatukuza ushujaa, na hatuna sababu ya kuubeza. Arnett alibaki Baghdad wakati wengi walipoondoka. Alipotangaza kwamba kiwanda kilichopigwa kilikuwa cha maziwa ya watoto, Ikulu ya Marekani ilikanusha na kudai kwamba kilikuwa cha silaha za kibaolojia. Seneta mmoja akamwita mshabiki wa adui. Tarehe 13 Februari 1991 mabomu ya Marekani yaliua zaidi ya raia 400 katika handaki la Amiriyah, na picha za maiti zilizotoka siku ile hazikuwafurahisha wapanga vita. Kada anayesema kwamba kila mwandishi wa Kimagharibi ni kibaraka anajifunga macho. Ndani ya chombo cha ubepari zimo hitilafu, na mwanamapinduzi anayezipuuza hatazitumia kamwe. Lakini ushujaa wa mtu mmoja haujibu swali la nani ameamua kwamba habari fulani irudiwe mara mia na nyingine itajwe mara moja.

Tuchukue mfano wa watoto njiti. Tarehe 10 Oktoba 1990 msichana wa miaka 15 alilia mbele ya wabunge wa Marekani akidai kwamba aliwaona askari wa Iraki katika hospitali ya Kuwait wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto na kuwaacha wafe sakafuni. Kikao kile hakikuwa cha kamati rasmi ya bunge, kwa hiyo hakuapishwa. Rais Bush aliirudia hadithi hiyo mara nyingi. Tarehe 12 Januari 1991 Baraza la Seneti liliidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Mwaka mzima ukapita ndipo, Januari 1992, ikafichuliwa kwamba msichana yule alikuwa binti wa balozi wa Kuwait huko Washington, na kwamba ushahidi ule uliandaliwa kwa msaada wa Hill & Knowlton, kampuni ya kusafisha majina ya wateja, iliyolipwa na chama kilichogharimiwa na serikali ya Kuwait.

Sasa sinema, iliyotengenezwa miaka kumi baada ya ufichuzi huo, inasemaje? Inawaonyesha wana-CNN wakienda Kuwait kuuchunguza uvumi huo. Mahojiano hospitalini yanakatizwa, na mtazamaji anaachwa na hisia kwamba huenda lilikuwako jambo la kufichwa. Walalamikaji huko huko Marekani walipopiga kelele, HBO iliongeza maandishi mwishoni mwa sinema kwamba madai hayo hayakuthibitishwa. Maandishi ya mwisho husomwa na nani, wakati watu wameshasimama?

Tuongeze mambo mawili ambayo sinema haiyasemi. La kwanza, mwaka 2002 HBO na CNN zote zilikuwa mali ya kampuni moja, AOL Time Warner. Tajiri alitengeneza sinema ya kulisifu duka lake mwenyewe. La pili, ilionyeshwa miezi mitatu tu kabla ya Marekani kuivamia Iraki tena, Machi 2003, kwa hoja ya silaha ambazo hazikupatikana. Katika vita hiyo ya pili waandishi wengi walipakiwa ndani ya vikosi vya jeshi, na Arnett yule yule alifukuzwa kazi na NBC kwa kosa la kuhojiwa na televisheni ya Iraki.

Haya yote hayaifanyi serikali ya Saddam Hussein kuwa mtetezi wa wanyonge. Ilivamia nchi ndogo jirani, na mwaka 1988 iliwaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi ya sumu. Sinema inamchora Naji kama mtu msomi na mpole, na pengine alikuwa hivyo. Wakati sinema inaonyeshwa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Saddam. Anayepinga ubeberu hana deni la kumtetea dikteta.

Nchi zisizofungamana na upande wowote ziliona tatizo la waya mapema. Katika miaka ya 1970 zilianzisha ushirikiano wa mashirika yao ya habari. Kwetu SHIHATA, ambalo sasa halipo, liliundwa mwaka 1976. Mwaka 1980 Tume ya MacBride ya UNESCO ilitoa ripoti juu ya mtiririko wa habari usio wa haki duniani. Marekani ilijitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, Uingereza mwaka uliofuata, na malalamiko yao dhidi ya madai hayo ya mfumo mpya wa habari yalikuwa miongoni mwa sababu. Vita ya 1991 ilipoanza, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni.

Kwa vikundi vitakavyoitazama sinema hii tunashauri isimamishwe baada ya sehemu ya hospitali ya Kuwait, kabla ya mtu yeyote kuelezwa habari za binti wa balozi. Kila mwanakikundi aandike anachoamini kilitokea, na ni kitu gani katika picha kilichomfanya aamini hivyo. Karatasi zikusanywe, ndipo taa ziwashwe na mjadala uanze.