Ukubwa wa Chembe Sahani na Sababu za Upungufu Wake

Damu ya binadamu ina chembe za aina tatu: nyekundu, nyeupe na sahani. Chembe sahani, ziitwazo pia plateleti, ndizo ndogo kuliko zote. Kipenyo chake ni maikromita 2 hadi 3, hali kile cha chembe nyekundu ni maikromita 7 hadi 8. Kazi yake kubwa ni kuziba mshipa uliokatika. Mtu mwenye afya huwa na chembe sahani 150,000 hadi 400,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Zikipungua mno, mgonjwa hutokwa na damu puani na kwenye fizi, na vidoa vya damu huonekana chini ya ngozi.

Hesabu hiyo huonyesha kwamba upungufu upo. Haisemi umetokana na nini. Ghala la mahindi likiwa tupu, huenda shamba halikuzaa, au huenda mavuno yalikuwa mema lakini panya wameyamaliza. Hali kadhalika, huenda uboho wa mifupa umeshindwa kutengeneza chembe sahani, au huenda unazitengeneza kwa wingi nazo zinaharibiwa upesi. Tiba za hali hizi mbili ni tofauti kabisa. Ndipo ukubwa wa chembe unapotufaa.

Njia iliyoenea ya kuupima ilibuniwa na Wallace Coulter wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1953. Chembe hupitishwa moja moja katika tundu dogo lenye maji ya chumvi yanayopitisha umeme. Kila chembe ipitapo huongeza ukinzani kwa kitambo kidogo, na kadiri ujazo wake ulivyo mkubwa ndivyo ukinzani unavyozidi. Kwa kawaida, wastani wa ujazo wa chembe sahani huwa femtolita 7 hadi 11, yaani maikromita za ujazo 7 hadi 11. Mwanafunzi na akokotoe: chembe 250,000, kila moja ikiwa na femtolita 10, hujaza robo tu ya asilimia moja ya damu. Uhai wetu umetegemea kiasi kidogo namna hiyo.

Chembe sahani huishi siku 8 hadi 10, na hutokana na seli kubwa za uboho ziitwazo megakariosaiti. Kingamwili za mgonjwa zinapoziharibu chembe hizo, uboho huharakisha kazi, na zile changa zinazotolewa aghalabu huwa kubwa kuliko kawaida. Kwa hiyo chembe chache lakini kubwa huashiria uharibifu. Uboho ukiwa umedhoofishwa, kwa mfano na dawa za saratani, chembe huwa chache na ukubwa wake huwa wa kawaida au mdogo.

Yapo pia maradhi ya kurithi. Mwaka 1948 Bernard na Soulier, madaktari wa Ufaransa, walieleza ugonjwa ambao chembe sahani zake ni chache na kubwa ajabu, nyingine zikikaribia chembe nyekundu. Kasoro imo katika protini inayozinasisha kwenye ukuta wa mshipa. Mtoto mwenye ugonjwa huu akidhaniwa kuwa anaharibiwa chembe na kingamwili, huenda akapewa dawa za steroidi, au hata kukatwa wengu, bila manufaa. Asiye na wengu hubaki na kinga hafifu maisha yake yote. Kinyume chake, katika ugonjwa wa Wiskott na Aldrich, unaowapata hasa wavulana, chembe sahani ni ndogo mno.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka yake. Dawa ya EDTA, inayotiwa katika kichupa ili damu isigande, huzifanya chembe sahani zivimbe kadiri saa zinavyopita. Basi damu iliyochelewa kupimwa hutoa jibu la uongo. Katika damu ya watu wachache, EDTA huzigandamanisha, mashine ikahesabu pungufu. Chembe kubwa mno nazo huweza kuhesabiwa kuwa nyekundu. Tena, vipimo vya magonjwa mbalimbali huingiliana, hata tarakimu moja isitoshe kukata shauri.

Kwa sababu hiyo, mpimaji mwangalifu hupaka tone la damu juu ya kioo, akalitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Mashine humwonyesha pa kuanzia uchunguzi. Jicho lake huthibitisha. Ndipo daktari, akijua pia historia ya mgonjwa na ya jamaa zake, huamua tiba.