Kabla ya kuilaumu LUKU, ijue bulbu ya vifaranga inakula uniti ngapi

Leo tunaweka pembeni chanjo na chakula, tunaongelea umeme. Msimu wa baridi huku Haneti vifaranga hawakai bila joto, na kila ukifika malalamiko ni yale yale: "Afisa, nimeweka vifaranga tu, LUKU inakimbia kama maji."

LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mita inahesabu kilichopita, basi. Kazi yetu ni kujua nani ndani ya nyumba anakula, na anakula kiasi gani. Hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa daftari, kalamu na saa ya simu.

Kwa nini uniti 75 ni mpaka muhimu

Kwa bei za EWURA zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa majumbani aliye kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya chini inakutoka shilingi 122, na iliyovuka mpaka inakutoka shilingi 427. Ni zaidi ya mara tatu!

Mteja wa kundi la T1 yeye hana mpaka huo, bei yake ni shilingi 292 kabla ya makato, sawa na shilingi 356 hivi. Hujui uko kundi gani? Chukua risiti. Ukinunua umeme wa shilingi 1,000 ukapata uniti 8.2, uko D1. Ukipata 2.8, uko T1 (au uko D1 na umeshavuka 75, hapo unapata 2.3 tu). Kama una deni au kodi ya jengo inakatwa humo humo, ondoa kwanza kiasi hicho ndipo upige hesabu. Na bei zikibadilika, tumia za kwenye risiti yako.

Hatua ya kwanza: daftari

Kila siku saa 12 jioni, andika uniti zilizobaki kwenye mita. Ukinunua, andika ulichoongeza. Hesabu ni hii:

Za jana + ulizonunua – za leo = zilizotumika.

Mfano: jana zilikuwa 21.4, ukanunua 8.2, leo zimebaki 28.1. Umetumia 1.5. Fanya hivi siku saba KABLA ya kuleta vifaranga. Hapo utakuwa na matumizi ya kawaida ya nyumba yako, siyo ya kukisia.

Hatua ya pili: hesabu mwako wa taa

Angalia mita yako, kuna kitaa chekundu kinawakawaka. Pembeni pameandikwa namba na imp/kWh, mfano 1000 au 1600. Maana yake kitaa kikiwaka mara hizo, uniti moja imekwenda.

Sasa zima kila kitu, chomoa na chaja. Washa kifaa kimoja tu. Hesabu kitaa kimewaka mara ngapi ndani ya dakika 6. Zidisha kwa 10,000, kisha gawanya kwa ile namba ya mita. Jibu ni wati. Mita ya 1000 ikiwaka mara 10, kifaa kinakula wati 100. Mita ya 1600 itawaka mara 16 kwa bulbu hiyo hiyo.

Ukizima kila kitu na kitaa bado kinaendelea kuwaka, kuna kitu kinakula kimya kimya, au kuna hitilafu kwenye nyaya. Ita fundi umeme mwenye leseni.

Friji haipimwi hivi, maana inawaka na kujizima. Ipime kwa daftari: siku moja nzima ikiwa imewashwa, siku moja ikiwa imezimwa, halafu toa.

Kama mita yako iko juu ya nguzo, usipande. Tumia daftari tu, kwa kusoma kile kifaa cha namba kilichoko ndani. Na usifungue mita wala kugusa lakiri (sili), hilo ni kosa la jinai.

Kuna vijana wanaoweza kutengeneza kifaa kidogo kwa kihisi mwanga na kompyuta ndogo kama Arduino. Kihisi kinabandikwa kwa nje juu ya kile kitaa na kuhesabu chenyewe usiku na mchana, bila kukata waya wowote. Ni kazi nzuri ya mwanafunzi wa sekondari anayependa fizikia. Ila daftari linatosha kuanzia.

Sasa tuje kwa vifaranga

Bulbu ya joto ya wati 100 ikiwaka saa 24 inakula uniti 2.4 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 72. Bulbu MOJA inakaribia kumaliza uniti zako 75 zote!

Tuchukue kaya ya mfano inayotumia uniti 1.5 kwa siku kwa taa, runinga na friji ndogo. Kwa mwezi ni 45, yaani shilingi 5,490. Ongeza bulbu mwezi mzima bila kuzima: 117. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 9,150, na 42 zilizozidi ni shilingi 17,934. Jumla shilingi 27,084. Hapo ndipo tunaposema LUKU inakimbia.

Kifaranga hahitaji joto lile lile mwezi mzima. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi mbili au tatu kila wiki. Na jua letu la mchana hapa Dodoma ni la bure. Ratiba ya kuanzia:

- Wiki ya 1: saa 24 kwa siku, uniti 16.8
- Wiki ya 2: saa 16, uniti 11.2
- Wiki ya 3: saa 12 za usiku, uniti 8.4
- Wiki ya 4: saa 8 za usiku, uniti 5.6

Jumla ni 42 badala ya 72. Na kuna la ziada: uniti 75 ni za mwezi. Ukiingiza vifaranga katikati ya mwezi, wiki mbili nzito zinaangukia mwezi huu (45 + 28 = 73) na mbili nyepesi mwezi ujao (45 + 14 = 59). Hujavuka mpaka hata mara moja.

Angalizo: usiue vifaranga kwa kubana umeme

Ratiba inakuongoza, lakini vifaranga ndio wanaoamua. Wakijikusanya chini ya bulbu na kulia, wana baridi, washa hata kama ratiba inasema zima. Wakikaa mbali na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila vizuri, umepatia. Usiku wa Juni na Julai wenye upepo unaweza kudai saa zaidi.

Okoa umeme kwa kuzuia joto lisipotee: bruda ndogo ya duara, maranda ya kutosha, magunia kuziba upepo upande wa chini, huku juu hewa ikipita. Bulbu za LED hazifai hapa, hazitoi joto la kutosha. Bulbu ining'inizwe kwa mnyororo au waya wa chuma, mbali na maranda, isije ikaleta moto.

Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye madumu, funika kwa magunia, weka katikati ya vifaranga. Ukitumia jiko la mkaa, acha njia ya hewa, moshi wake unaua vifaranga na watu.

Mwisho wa mwezi, gawanya gharama ya uniti za bulbu kwa idadi ya vifaranga waliofikisha wiki nne. Hiyo ni gharama yako halisi ya joto kwa kila kuku, iandike pamoja na ya chakula na chanjo. Mteja akija kubishana bei, utajua ushuke hadi wapi.